Ukiingia Dar es Salaam Usiku: Namna ya Kupata Gesti Salama kwa Bei Nafuu

Dar es Salaam hupokea wageni usiku kucha. Mabasi ya Mwanza, Bukoba, Kigoma na Tunduma huingia saa 4, saa 6, wakati mwingine saa 8 za usiku, na tangu serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023, hakuna saa ambayo stendi inalala. Treni za jioni kutoka Dodoma nazo zinashusha watu giza likiwa limeshaingia, na ndege nyingi hutua wakati wenyeji wamekwisha kuzima taa. Miongoni mwa wanaoshuka yumo mfanyabiashara wa Lubumbashi anayefuata mzigo Kariakoo, yumo mzee wa Singida aliyepewa rufaa ya Muhimbili, na yumo binti anayekuja kwenye usaili wa kazi kesho yake asubuhi. Wengi hawana ndugu wa kuwapokea. Wengine wanaye, lakini hawataki kumgongea mlango saa 7 za usiku.

Mwongozo huu ni wa watu hao, na neno lake kubwa ni hili: usiku wa kwanza tafuta mlango unaofungwa kwa ndani, karibu na unaposhukia, na bei ya chini kabisa iache isubiri. Unafuu huletwa na maandalizi ya mchana, tena na kuhama asubuhi ukishaona mtaa kwa macho yako. Mtu anayezunguka na begi usiku wa manane ili apunguze shilingi 5,000 anaweza kupoteza simu, begi na afya yake.

Jua unashukia wapi

Tiketi iliyoandikwa "Dar es Salaam" bado haijakueleza unashukia wapi. Jiji limetawanyika, na kosa la kwanza la mgeni ni kudhani stendi iko mjini.

Mabasi mengi ya mikoani huishia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro. Kituo hicho kilizinduliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya stendi ya Ubungo, kwa hiyo ndugu aliyekuja Dar zamani akikuambia "utashukia Ubungo", maelezo yake yamepitwa na wakati. Kutoka Mbezi hadi Posta, katikati ya jiji, ni zaidi ya kilomita 20. Baadhi ya kampuni huendelea na abiria hadi kwenye ofisi zao za Shekilango, upande wa Ubungo. Muulize kondakta mkiwa bado njiani: "Gari linaishia Mbezi au linaendelea?" Jibu lake ndilo litakaloamua utalala wapi.

Mabasi ya Lindi na Mtwara huingia kwa upande wa kusini, kupitia Mbagala Rangi Tatu. Ukishukia huko, tafuta pa kulala Mbagala au Temeke. Hakuna sababu ya kuvuka jiji zima usiku kwa kuwa tu mtu amekutajia gesti za Sinza.

Treni ya SGR kutoka Dodoma na Morogoro, iliyoanza safari zake mwaka 2024, huishia katikati ya jiji, jirani na Gerezani na Kariakoo. Zipo treni zinazosimama Pugu kabla ya kufika mwisho. Kama huna mwenyeji Pugu, kaa kwenye kiti chako mpaka stesheni ya mwisho. Stesheni ya TAZARA ni nyingine kabisa, ipo penye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, na dereva asiyesikia vizuri anaweza kukupeleka huko ukiwa umemwambia "stesheni" bila kufafanua.

Boti za Zanzibar hufunga gati kwenye Barabara ya Sokoine, mbele ya Kanisa la Mtakatifu Joseph, hatua chache kutoka Posta. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko Kipawa, kilomita 12 hivi kutoka katikati ya jiji. Ukitua usiku sana, Majumba Sita na Banana ziko karibu kuliko Kariakoo.

Chagua mtaa kwa kuangalia saa na kwa kuangalia kesho

Hapa pana kanuni moja inayosaidia kuliko nyingine. Ukifika kabla ya saa 4 usiku, nenda ukalale karibu na shughuli yako ya kesho. Ukifika baada ya hapo, lala karibu na uliposhukia, kisha asubuhi uende kwenye shughuli yako. Kabla ya saa 4 maduka bado yako wazi, daladala zipo na watu wamejaa njiani. Baada ya hapo usafiri unapungua na bei zinapanda. Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara kwenda Gerezani na Kivukoni ni msaada mkubwa, lakini hayatembei usiku kucha, kwa hiyo usiyaweke kwenye hesabu za saa 6.

Sasa iangalie kesho yako. Kama una rufaa ya hospitali, soma karatasi vizuri: ni Muhimbili ya Upanga au ni Mloganzila? Hospitali hizi mbili zina jina moja la taasisi, ila ziko mbalimbali kabisa. Mloganzila iko pembeni ya Barabara ya Morogoro, ukiwa bado hujaingia mjini, na anayekwenda huko alale Kibamba au Mbezi. Kuna wagonjwa wanaovuka jiji usiku hadi Kariakoo, kisha asubuhi wanarudi njia ileile kwenye foleni. Ni adhabu asiyostahili mtu mzima, achilia mbali mgonjwa. Anayekwenda Muhimbili ya Upanga au hospitali ya Ocean Road, atafute Ilala, Magomeni au Kariakoo.

Anayefuata mzigo Kariakoo alale Kariakoo au Gerezani. Gesti ni nyingi na ataamkia dukani, ila ahakikishe yake iko kwenye mtaa wenye taa na watu, kwa sababu maduka yakifungwa baadhi ya vichochoro hubaki vitupu. Anayevuka kwenda Zanzibar kwa boti ya saa 1 asubuhi naye alale huko huko au Posta. Anayeunganisha basi la alfajiri kwenda mkoa mwingine asitoke Mbezi kabisa.

Sinza, Manzese na Magomeni zina gesti nyingi za bei ya kati na ya chini. Tatizo ni kwamba nyingi zina baa chini au jirani, na muziki huendelea hadi usiku mkubwa. Kama una usaili asubuhi, uliza mapema kama kuna baa.

Usisahau hosteli za taasisi za dini. YWCA, YMCA na Luther House ziko katikati ya jiji, na Msimbazi Centre iko Ilala. Ni mahali penye utulivu, na mtu wa dini yoyote anaweza kuuliza chumba. Kwa kuwa hujaa haraka na mageti yake yana utaratibu, usiende kubisha hodi usiku bila kupiga simu.

Piga simu kabla ya giza

Kazi kubwa ya usiku hufanywa mchana. Kabla ya kusafiri, ulizia kwa watu waliolala Dar karibuni: dereva wa lori wa mtaani kwenu, mwenye duka anayefuata bidhaa Kariakoo, mwalimu aliyekwenda kwenye semina. Omba majina ya gesti mbili au tatu na namba za simu za mapokezi. Ukipata jina kwenye ramani ya simu, piga uhakikishe kwamba panafanya kazi. Andika majina na namba hizo kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huzima chaji saa unayoihitaji kuliko zote.

Siku ya safari piga kabla jua halijazama, kisha piga tena ukikaribia. Kwa anayetoka bara kwa Barabara ya Morogoro, Chalinze ni mahali pazuri pa simu ya pili, maana imebaki takriban kilomita 100 kufika katikati ya jiji na unaweza kukadiria saa ya kufika. Usizunguke maneno, sema yote yanayohitajika (chumba cha "self" ni chenye choo na bafu ndani):

"Habari za jioni, dada. Naitwa Juma, natoka Kahama kwa basi. Natarajia kufika Mbezi saa 6 usiku wa leo, Ijumaa kuamkia Jumamosi. Naomba chumba cha self cha mtu mmoja, usiku mmoja. Ni shilingi ngapi? Mlango mnafunga saa ngapi? Nikichelewa hadi saa 8, nani atanifungulia?"

Taja siku zote mbili kama hivyo, kwa sababu saa 6 ikipita tarehe imebadilika, na wapo waliowekewa chumba cha usiku unaofuata kwa kutoelewana hapo tu.

Kisha omba maelekezo ya kufika. Majina ya mitaa pekee hayatoshi Dar. Uliza kituo cha daladala kilicho karibu, uliza kama ni upande wa kushoto au wa kulia ukitokea Mbezi, uliza kuna nini jirani: sheli, msikiti, shule, duka la dawa. Dereva ataelewa haraka zaidi ukimwambia "mbele ya sheli, mkono wa kulia" kuliko ukimpa jina la gesti.

Mtu akikutaka utume pesa yote kwa simu kabla hujaona chumba, kataa kwa upole. Kama ni lazima uache kishika uchumba kidogo, hakikisha jina linalotokea kwenye namba ya malipo ni la gesti au la mtu uliyeambiwa.

Pesa, simu na begi

Gawa pesa zako mafungu matatu kabla hujapanda basi. Fungu la kwanza ni noti ndogo za nauli, maji na mbeba mzigo, na hizo ziwe kwenye mfuko ulio rahisi kufikia. La pili ni pesa ya chumba, iliyokunjwa peke yake. La tatu, ambalo ni kubwa, libaki kwenye simu au ndani kabisa ya nguo. Faida yake ni kwamba hutalazimika kufungua pochi mbele ya watu, na ukipoteza fungu moja, mawili yamebaki.

Simu yako ichajiwe kabla ya kufika. Ukiwa barabarani, usiongee nayo ukiwa umesimama ukingoni mwa lami. Wakwapuaji wa Dar hutumia bodaboda, na hupita kwa kasi wakaondoka na simu iliyo sikioni. Ingia dukani au egemea ukuta, ndipo upige.

Usile wala kunywa ulichopewa na abiria usiyemfahamu, hata awe mchangamfu namna gani. Watu wamewekewa dawa kwenye juisi na biskuti, wakazinduka mzigo haupo. Kukataa si utovu wa adabu. Sema umefunga au umeshiba, yatosha.

Dakika 10 za kwanza stendi

Basi likisimama, wapiga debe na madereva watakimbilia mlangoni. Atakayeshika begi lako kwanza atataka ulipie. Kaa kwenye kiti mpaka msongamano upungue, kisha shuka ukiwa umeshika kilicho chako. Kama mzigo uko kwenye buti, simama hapo hapo buti linapofunguliwa na uonyeshe kikaratasi chako cha mzigo. Ukihitaji mbeba mzigo, patana bei kabla hajanyanyua, na tembea naye ubavu kwa ubavu.

Utaulizwa unakwenda wapi. Jibu kwa utulivu: "Nashukuru, kaka, nimeshapata mwenyeji." Ukimtajia mpiga debe jina la gesti yako, huenda akakuambia imejaa, imefungwa au ina kunguni, kisha akupeleke kwenye nyingine inayompa kamisheni, na kamisheni hiyo utailipa wewe ndani ya bei ya chumba. Ndiyo maana ya kupiga simu kabla: mtu anayejua kwamba chumba chake kipo hawezi kuingizwa mjini kwa maneno hayo.

Usitoke nje ya stendi kabla hujajua unakwenda wapi. Ndani kuna taa, kuna walinzi, kuna maduka ya chai. Kaa mahali penye mwanga, agiza chai, piga simu zako, kisha ndipo utafute usafiri. Mama anayeuza chai na amekuwapo hapo miaka mingi atakupa maelekezo ya kweli kuliko kijana aliyekukimbilia. Msalimie vizuri, "Shikamoo, mama", kisha uliza.

Usafiri wa kukufikisha mlangoni

Kwa umbali mfupi wa dakika chache kwenye njia yenye taa na watu, unaweza kutembea. Zaidi ya hapo panda chombo. Bajaji ni nafuu na inabeba begi. Bodaboda ni ya haraka, lakini ukiwa na mzigo usiku haifai. Gari lililoitwa kwa programu ya simu, kama Bolt, lina faida ya kukuonyesha namba ya gari, jina la dereva na makadirio ya nauli. Linganisha namba kabla ya kupanda, na mwache dereva akutajie jina lako, wewe usianze kumtajia.

Ukitumia teksi ya stendi, patana bei ukiwa nje ya gari na mzigo wako ukiwa mkononi. Kisha shika sharti hili bila kulegeza: usipande gari lenye mtu mwingine ndani, na usikubali dereva apakie "mwenzake" njiani. Wapo matapeli wanaojifanya abiria wenzako, mnachangia nauli, halafu unazungushwa kwenye mashine za kutolea pesa mpaka akaunti iishe. Piga picha namba ya gari, mtumie ndugu yako, na dereva aone unafanya hivyo. Dereva mwema hawezi kukasirika.

Mapokezi: maswali na kitabu

Ukifika, mwombe dereva asubiri kidogo mpaka mlango ufunguliwe. Salimia, kisha uliza bei ya chumba kabla ya kuketi. Bei hutofautiana kwa mtaa na kwa msimu, lakini kwa gesti za kawaida za Dar chumba chenye choo cha nje mara nyingi huwa kati ya shilingi 10,000 na 20,000, na cha self kati ya 20,000 na 40,000, kiyoyozi kikiongeza bei. Ukitajiwa bei iliyo mbali sana na hiyo kwa chumba cha kawaida, uliza kwa nini. Kupunguziwa kunawezekana, hasa ukifika usiku sana na vyumba vikiwa vitupu. Sema kwa heshima: "Dada, usiku umeshakwenda na saa 12 naondoka. Nifanyie kidogo." Ukikataliwa, lipa ulale.

Uliza pia mambo manne: muda wa kutoka, maji yapo, umeme ukikatika kuna jenereta, na mlango wa nje hufungwa saa ngapi. Gesti nyingi huhesabu siku kuishia saa 4 asubuhi. Ukizidisha, utadaiwa usiku mwingine.

Utapewa kitabu cha wageni ujaze jina, kabila au uraia, kazi, unakotoka, unakokwenda na namba ya kitambulisho. Jaza kwa ukweli. Polisi huja kukagua vitabu hivi, na likitokea jambo, mstari huo ndio utakaoonyesha kwamba ulikuwapo. Beba kitambulisho cha NIDA, cha mpigakura au leseni, na mgeni wa kutoka nje ya nchi abebe pasipoti au hati ya kusafiria. Mwonyeshe mhudumu, aandike, akurudishie hapo hapo. Usiache kitambulisho mapokezi hadi asubuhi.

Nyumba isiyo na kitabu, isiyo na kibao na isiyotoa risiti ni gesti bubu. Iache, hata kama bei yake inavutia. Vilevile ukiona watu wanaingia na kutoka kila baada ya saa moja, ujue hapo hawakupangisha kwa ajili ya kulala, na hutapata usingizi wala usalama.

Kagua chumba kabla ya kulipa

Mwambie mhudumu: "Naomba kukiona kwanza." Ni haki ya kila mgeni, na kazi yenyewe ni ya dakika tatu.

Anza na mlango. Zungusha ufunguo, kisha angalia kama kuna komeo la ndani, kwa sababu ufunguo wa chumba unaweza kuwa na nakala mkononi mwa mgeni wa wiki iliyopita. Kama komeo halipo, omba chumba kingine. Angalia dirisha linafungwa na nondo ziko imara. Washa taa, washa feni, fungua bomba.

Kisha kitanda. Nyanyua pembe ya godoro na uangalie mishono: vidoti vyeusi ni alama ya kunguni. Shuka ziwe zimefuliwa, na kama zina mashaka omba zibadilishwe ukiwa umesimama hapo. Kunjua chandarua ukikague kama kina matundu. Dar ina mbu mwaka mzima, na malaria haiangalii kwamba umelala usiku mmoja tu.

Mwisho, tazama njia. Hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi ngazi au mlango wa nje, ili umeme ukikatika au moto ukitokea uweze kutoka gizani. Ufunguo uwe karibu na mto, na usiingize jiko la mkaa chumbani kwa sababu yoyote, maana hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Ukiridhika, lipa, chukua risiti, jifungie, na umtumie ndugu yako jina la gesti na namba ya chumba.

Dada anayesafiri peke yake, familia na wanaume wawili

Kwa mwanamke aliye peke yake, chumba cha self kina thamani kuliko tofauti ya bei, kwa kuwa hatatoka usiku kwenda choo cha nje. Aombe chumba kilicho karibu na mapokezi, kisiwe cha chini kinachotazama uchochoro. Namba ya chumba asiitaje kwa sauti mbele ya watu, na mtu akigonga usiku akidai ni mhudumu, asifungue. Apige simu mapokezi kwanza. Hosteli za taasisi za dini zinamfaa sana, akiwa ametoa taarifa mapema.

Familia yenye watoto iseme idadi kamili kwenye simu. Gesti nyingine huruhusu mtoto mdogo bila kuongeza pesa, nyingine huhesabu kila kichwa.

Wanaume wawili wanaosafiri pamoja, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, wajue kwamba gesti nyingi haziruhusu watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, na tangazo hilo hubandikwa ukutani mapokezi. Kubishana saa 7 usiku hakusaidii. Waulize kwenye simu, au waweke akiba ya vyumba viwili. Anayemsindikiza mgonjwa aeleze hali hiyo mapema na kuonyesha karatasi ya rufaa, kwa sababu wahudumu wengi wana huruma wakielezwa vizuri.

Kama umefika saa 9, au kama kote kumejaa

Ukishuka Mbezi saa 9 usiku au baadaye, fikiria kutolala gesti kabisa. Utalipa bei ya usiku mzima kwa chumba utakachotakiwa kukiachia saa 4 asubuhi, tena utakuwa umesafiri kwenye saa mbaya kuliko zote. Kaa kwenye eneo la kusubiria abiria, karibu na familia au wazee, begi likiwa kati ya miguu na kamba yake imezungushwa mguuni. Ikifika saa 11 alfajiri, daladala zinaanza kujaa na adhana zinasikika. Hapo unaweza kwenda kuchukua chumba na kuomba siku yako ihesabiwe kuanzia asubuhi hiyo.

Kama umefika mapema zaidi na gesti uliyoikusudia imejaa, mwombe mhudumu wake akupigie gesti jirani. Wanafahamiana, hupelekeana wageni, na maelekezo yao ni salama kuliko ya mtu wa barabarani. Jaribu hivyo mara mbili. Zikishindikana zote, rudi stendi au stesheni. Usilale kwenye kibaraza, ufukweni wala bustanini. Ukihisi unafuatwa, ingia sheli iliyo wazi au kituo cha polisi kilicho karibu, na namba ya dharura ya polisi ni 112.

Asubuhi ndipo pa kuokoa pesa

Ukiamka salama, sasa una haki ya kuchagua. Kunywa chai, tembea mtaa kwa mtaa bila begi, ingia gesti tatu au nne na ulinganishe. Kama utakaa siku kadhaa, omba bei ya wiki. Wenye gesti hupunguza kwa mgeni wa siku nyingi, hasa anayelipa mapema. Ukiwa na mgonjwa atakayehudhuria kliniki kwa majuma, waulize wauguzi na wasindikizaji wengine wanaishi wapi. Wengi hupanga chumba cha kawaida kwa mwezi, na huo ndio unafuu wa kweli.

Na ukipata gesti iliyokupokea vizuri usiku, hifadhi namba yake na umpe kila ndugu na jirani anayefunga safari ya Dar. Hakuna tangazo linalomsaidia mgeni kuliko namba ya simu aliyopewa na mtu aliyewahi kulala pale.